Kung'atuka, kujiuzulu au kustaafu: namna ya kuchagua neno la kuacha madaraka na kuliandika sawasawa

Katibu akiandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba "mwenyekiti aliuzulu tarehe 4 Mei", ameandika kinyume cha alichotaka kusema. Kuuzulu ni kumwondoa mtu mwingine katika cheo chake. Msomaji makini atauliza papo hapo: alimuuzulu nani? Silabi moja imedondoka, ile *-ji-*, na ndiyo iliyobeba habari nzima. Aliyeacha cheo mwenyewe *alijiuzulu*. Aliyeondolewa na mkubwa wake *aliuzuliwa*.

Makosa ya namna hii yanaonekana kila wiki, kuanzia vikundi vya akina mama vya Nakuru hadi taarifa za habari zinazosomwa Kisumu, na mara nyingi chanzo chake ni kimoja: mwandishi anadhani maneno haya yote ni mamoja, basi anachukua lililo karibu na ulimi. Si mamoja. Kila moja linaeleza ni mkono wa nani uliomtoa mtu kitini, na ukichagua vibaya unaweza kumpa heshima mtu aliyefukuzwa au kumvunjia heshima aliyeondoka kwa hiari.

Kabla ya kuandika, uliza

Nani aliamua? Kama ni mwenye cheo, uko upande wa kujiuzulu na kung'atuka. Kama ni mtu mwingine au kikao kingine, uko upande wa kufutwa, kuuzuliwa, kung'olewa. Kama ni kalenda, yaani umri au muhula umefika kikomo, ni kustaafu.

Kisha uliza anaacha nini hasa. Mtu mmoja huweza kuwa na vyeo viwili au vitatu, na akiacha kimoja hajaacha vyote. Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais wa Tanzania mwaka 1985 lakini akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Sentensi "Nyerere aling'atuka mwaka 1985", isipotaja urais, ina pengo la miaka mitano ndani yake.

Swali la mwisho ni la wakati: ameshaondoka, au ametangaza tu kwamba ataondoka? Papa Benedikto wa 16 alitangaza uamuzi wake tarehe 11 Februari 2013, ila kiti kilikuwa wazi tarehe 28 mwezi huohuo, saa mbili usiku. Kwa siku kumi na saba zile alikuwa bado Papa. Aliyeandika tarehe 12 kwamba "Papa amejiuzulu" alitanguliza kitenzi mbele ya tukio. Ilitakiwa "ametangaza kwamba atajiuzulu". Kiambishi *-me-* hakina huruma: kinasema jambo limekwisha.

Kujiuzulu

Hili ndilo neno la kazi. Lina asili ya Kiarabu, linaeleweka kila mahali na ndilo la kutumia katika barua, kumbukumbu na habari ikiwa huna sababu ya kutafuta jingine. Linamfaa waziri, mwakilishi wadi, mweka hazina wa chama na kocha wa timu. Halisemi kwamba aliyeondoka alikuwa na furaha wala kwamba hakubanwa. Linasema tu kwamba uamuzi ulitolewa kwa jina lake.

Tazama kisa cha Jaramogi Oginga Odinga. Machi 1966, mkutano wa chama tawala cha KANU kule Limuru uliondoa nafasi moja ya makamu wa rais wa chama na kuweka manaibu wanane wa mikoa. Mwezi uliofuata Jaramogi akaacha umakamu wa rais wa nchi, akaenda kuongoza chama cha upinzani cha KPU. Je, alisukumwa? Siasa ilimsukuma, hakuna ubishi. Lakini hakufutwa; aliondoka mwenyewe. Kwa hiyo *alijiuzulu*. Usiandike "aling'atuka", kwa sababu kuondoka kule kulikuwa kwa mgogoro na aliendelea na mapambano upande wa pili. Wala usiandike "alifutwa kazi" kwa kumhurumia. Kama unataka msomaji aujue msukumo, uongeze kwa maneno: "alijiuzulu baada ya kupunguziwa nguvu chamani". Usikilazimishe kitenzi kibebe mzigo usio wake.

Mfano wa karibu zaidi unaonyesha mpaka vizuri. Tarehe 11 Julai 2024 Rais William Ruto aliwafuta kazi mawaziri wote, akambakisha Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi wa Vihiga. Kesho yake Inspekta Jenerali wa Polisi, Japhet Koome, alijiuzulu. Siku mbili, vitenzi viwili, na huwezi kuvibadilishana. "Mawaziri walijiuzulu" ingekuwa uongo.

Kosa jingine ni "alijiuzulu mwenyewe". Ndani ya kitenzi *-ji-* imeshasema "mwenyewe". Kuirudia ni kujaza nafasi. Tena angalia tahajia: si *kujiuzuru*, si *kujiudhulu*, si *kujihuzulu*. Ni u-z-u-l-u, baada ya ji.

Halafu kuna "amejiuzulu kutoka kwa wadhifa wake". Limezoeleka sana nchini Kenya, ila ni sentensi ya lugha nyingine iliyovikwa Kiswahili. Sema "amejiuzulu wadhifa wake", "amejiuzulu uwaziri", au "amejiuzulu katika nafasi ya ukurugenzi". Kitenzi hiki kinapokea jina la cheo moja kwa moja, hakihitaji "kutoka kwa".

Kung'atuka

Hapa inafaa kutulia. Neno hili lina heshima yake, na linachezewa kuliko mengine yote.

Lilienea katika Kiswahili kupitia Nyerere alipojiandaa kuacha urais, akimkabidhi Ali Hassan Mwinyi Novemba 1985. Alilitoa katika Kizanaki, lugha ya kwao Butiama katika mkoa wa Mara. Wasomaji wa magharibi mwa Kenya wasilione kama neno la mbali: ukitoka Kisumu ukashuka Migori, ukavuka mpaka pale Isebania, uko Mara. Kizanaki ni jamaa ya Kikuria na Ekegusii, lugha zinazosikika kila siku upande huu.

Maana yake: kuondoka madarakani kwa hiari, ukiwa bado ungeweza kubaki, na kuwapisha wengine. Nguzo ni tatu na zote lazima zisimame. Hiari, uwezo wa kuendelea, kupisha. Ikianguka moja, tumia neno jingine. Ndiyo maana kwa Nyerere mwenyewe maneno mawili yanahitajika. Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, na Desemba mwaka huohuo akarudi akiwa rais. Ile ya 1962 ni *kujiuzulu*. Ile ya 1985 ni *kung'atuka*. Kung'atuka hakutarajii kurudi kitini.

Neno pia lina uzito wa cheo. Mwenyekiti aliyeongoza ushirika wa wakulima kwa miaka ishirini, akawaita wanachama akawaambia wachague kijana: huyo ameng'atuka, na mwandishi asiogope kulitumia. Mweka hazina wa miezi minane anayeacha kwa sababu amepata kazi Eldoret hajang'atuka. Amejiuzulu, au ameacha nafasi. Kumwandikia "aling'atuka" ni kumvika mtu kanzu iliyomzidi mabega.

Katika maandamano utasikia "Ang'atuke! Ang'atuke!" Hapo watu wanamtaka kiongozi aondoke kabla hajaondolewa, na kisarufi hakuna kasoro. Mwandishi wa habari anaweza kuripoti kwamba "waandamanaji walimtaka ang'atuke". Lakini kiongozi akishaondoka chini ya shinikizo hilo, usiendelee na neno la waandamanaji. Rudi kwenye *alijiuzulu*. Katika vichwa vya habari hujitokeza pia *kumng'atua*, kwa maana ya kumwondoa mtu. Hilo linavuruga nguzo ya hiari, na *kumng'oa* au *kumwondoa* lingefanya kazi ileile bila utata.

Sasa kosa la Kenya hasa: kuchanganya *kung'atuka* na *kugatua*. Tangu serikali za kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, neno *ugatuzi* liko midomoni mwa kila mtu. Kugatua ni kuyashusha madaraka kutoka serikali kuu kwenda ngazi za chini. Serikali inayogatua haiondoki. Kung'atuka ni mtu kuondoka. Hivyo "gavana amegatuka" haina maana, na "huduma za afya ziling'atuliwa kwa kaunti" ni kichekesho. Andika *ziligatuliwa*. Jirani wa tatu ni *kukasimu*: mkubwa anampa mdogo wake sehemu ya mamlaka atumie kwa niaba yake, huku mwenyewe akibaki kitini na kuweza kuyarudisha. Gavana akisafiri akamwachia naibu wake shughuli, amekasimu.

Kuhusu tahajia: alama ya ritifaa katika *ng'* si pambo. Sauti ni ile ya *ng'ombe*, si ile ya *ngazi*. Ikidondoka, kama *ngoa* (wivu) na *ng'oa* (toa kwa nguvu) zinavyotuonyesha, unaweza kuangukia neno jingine kabisa. Msemaji wa Dholuo hana shida na sauti hii, kwa kuwa anayo katika *ng'ato*, mtu. Mluhya anayo katika *ing'ombe*. Shida iko kwenye vidole. Simu nyingi huibadilisha ritifaa au huigeuza nafasi wazi, ikawa "kung atuka", na mtangazaji anayesoma kwenye kioo anajikwaa hewani. Ukimwandikia mtu wa redio, hakikisha herufi nne *n-g-'-a* zimeshikana. Ukikata neno mwishoni mwa mstari, kata *kung'a-tuka*, kamwe usikate kati ya g na ritifaa.

Kustaafu

Kalenda ikifika, mtu anastaafu: mtumishi wa umma akifikisha miaka 60, jaji akifikisha 70. Daniel arap Moi alikuwa amefikia ukomo wa mihula aliyoruhusiwa na katiba, akamkabidhi Mwai Kibaki madaraka tarehe 30 Desemba 2002 na kurudi Kabarak, Nakuru. Wapo wanaosema aling'atuka. Tunashauri *alistaafu*, kwa sababu nguzo ya pili, uwezo wa kuendelea, haikuwepo. Na ukitaka kumpa sifa ya kuondoka kwa amani, ongeza "akakabidhi madaraka kwa amani".

Kutoka hapa tunapata *rais mstaafu*. Cheo hiki cha heshima hakimfai kila aliyetoka. Waziri aliyejiuzulu ni "aliyekuwa waziri", na aliyefutwa pia ni "aliyekuwa waziri". "Waziri mstaafu" kwa mtu aliyefutwa kazi ni kufunika habari.

Wafalme

Mfalme haandiki barua ya kujiuzulu kama karani, kwa hiyo *kujivua ufalme* linakaa vizuri zaidi: Edward wa 8 wa Uingereza alijivua ufalme Desemba 1936, Mfalme Akihito wa Japani tarehe 30 Aprili 2019, Malkia Margrethe wa Denmark tarehe 14 Januari 2024. Karibu nasi, Sultani Ali bin Hamud wa Zanzibar alijivua usultani mwaka 1911. Linganisha na Sultani Jamshid, Januari 1964: yeye *alipinduliwa*. Kwa Akihito na Margrethe, *kung'atuka* nalo linafaa, nguzo zote zipo. *Kuvua taji* ni picha nzuri kwa insha, ila *kuvuliwa taji* ni kunyang'anywa. Angalia kitenzi kisikuponyoke.

Semi za magazetini na za mitaani

*Kuachia ngazi* na *kubwaga manyanga* ni kuacha cheo. La kwanza ni la kawaida kiasi kwamba unaweza kulitumia katika habari. La pili lina harufu ya kuchoka au kushindwa, kwani manyanga ni yale makayamba ya mganga au mcheza ngoma. Anayeyabwaga ameacha shughuli katikati. Usilitumie kwa mzee aliyemaliza kazi yake vizuri. *Kupokeza kijiti* linaangalia zaidi anayepokea. *Kupigwa kalamu* na *kumwaga unga* ni kufukuzwa kazi, na mahali pake ni mazungumzo au safu ya maoni. Yasiingie katika kumbukumbu za mkutano hata kama wote waliokuwepo walicheka.

Mnyambuliko unaowaangusha wengi

*Jiuzulu* haibadilishi mwisho wake, kwa kuwa ni ya asili ya Kiarabu: anajiuzulu, *hajiuzulu*, *ajiuzulu*, jiuzuluni. Hakuna "hajiuzuli" wala "ajiuzule". *Ng'atuka* ni ya Kibantu na inabadilika: anang'atuka, *hang'atuki*, *ang'atuke*, ng'atukeni. Mwanafunzi anayeandika "hang'atuka" amechukua kanuni ya kitenzi kimoja akaipeleka kwa kingine.

Ukilifanya tendo kuwa jina, upatanisho ni wa KU: "kujiuzulu *kwake kumewashtua* wengi". "Kujiuzulu *yake imewashtua*" inasikika kila siku, na mwalimu anayesahihisha asiipitishe. Kumbuka vilevile kwamba mamlaka na madaraka ni *yake*, wadhifa ni *wake*, nyadhifa ni *zake*.

Kuandika barua yenyewe

Jambo la kwanza ni anayeandikiwa. Katiba ya Kenya ya 2010 imeliweka wazi kwa wakubwa: rais humwandikia Spika wa Bunge la Taifa, naibu rais humwandikia rais, gavana humwandikia Spika wa Bunge la Kaunti, na mwakilishi wadi vilevile. Barua iliyopelekwa kwingine, au tangazo la jukwaani lisilo na barua, si kujiuzulu, na mwandishi asiliandike hivyo. Katika chama, anayeandikiwa ametajwa katika katiba ya chama. Ikiwa haisemi, waandikie wanachama wote kupitia katibu.

La pili ni tarehe na saa ya kuanza. Kwa naibu rais, katiba inasema asipotaja siku, kujiuzulu kunaanza saa sita mchana siku inayofuata baada ya barua kufika. Kikundi chako huenda hakina kanuni kama hiyo, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa: hundi iliyosainiwa Jumanne ilisainiwa na mweka hazina au na mtu wa kawaida? Taja siku, taja saa.

La tatu ni kitenzi cha sentensi ya kwanza. "Ningependa kujiuzulu" ni matamanio. "Naomba kujiuzulu" ni ombi linalosubiri jibu, na wanachama wakikataa bado uko kitini. "Ninajiuzulu" ndilo tendo. Andika hivi:

*KUH: KUJIUZULU NAFASI YA MWEKA HAZINA*

*Ninawaarifu kwamba ninajiuzulu nafasi ya mweka hazina kuanzia tarehe 30 Juni, saa kumi na moja jioni. Nitaendelea kuwa mwanachama. Siku hiyo nitamkabidhi katibu, mbele ya mashahidi wawili, daftari la hazina, vitabu viwili vya risiti, kadi ya benki na simu ya kikundi yenye laini ya M-Pesa. Naomba mkutano uteue mtia saini mwingine ili jina langu liondolewe benki.*

Sentensi ya "nitaendelea kuwa mwanachama" isisahaulike. Bila hiyo, wapo watakaodai ulijitoa kabisa na kupoteza hisa zako. Anayetaka kutoka kabisa aandike "ninajiuzulu na *kujitoa* katika chama". Nambari ya siri ya M-Pesa haiandikwi katika barua. Mpya iwekwe siku ya makabidhiano, mbele ya mashahidi. (Kichwa *KUH:* ni mtindo wa Kenya. Barua za Tanzania huandika *YAH:*.)

Katika kumbukumbu, katibu apime kati ya "mkutano *ulipokea* barua ya kujiuzulu" na "mkutano *ulikubali* kujiuzulu kwake". La pili ni sahihi tu pale ambapo katiba ya chama inataka idhini ya wanachama. Vinginevyo andika *ulipokea*, kwa kuwa mtu hahitaji ruhusa ya kuacha. Kama alipigiwa kura ya kutokuwa na imani naye, andika hivyo hivyo hata kama baadaye alileta barua, na uweke tarehe zote mbili ili mfuatano uonekane.

Kuanzia saa iliyotajwa, jina lake liandikwe "aliyekuwa mweka hazina". Aliyeshika nafasi kabla ya uchaguzi ni *kaimu* mweka hazina, na asaini hivyo kila karatasi hadi siku atakapochaguliwa.